Abunuwasi na Mzaha Wake

1. Mtu aliyeishi kweli

Jioni, kazi za shamba zikiisha na moto ukiwashwa, watoto hukaa karibu na wazee wao wakaomba hadithi. Huku kwetu Bukoba na Muleba, hadithi za sungura na chui zikiisha, pengine hutajwa jina ambalo si la mnyama, wala si la mkama yeyote wa nchi hii. Jina hilo ni Abunuwasi. Likitajwa tu, wasikilizaji huanza kutabasamu kabla msimulizi hajafika mbali, kwa maana wajua ya kuwa sasa tajiri mchoyo atanaswa katika mtego wake mwenyewe, na Sultani atarudishiwa amri yake imegeuzwa juu chini.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi hudhani ya kuwa Abunuwasi ni mtu wa hadithi tu, kama sungura alivyo mnyama wa hadithi. Sivyo. Abunuwasi alikuwa mtu. Alizaliwa na mama, akasoma, akafanya kazi, akafungwa gerezani, akafa na kuzikwa, yapata miaka 1,200 iliyopita. Katika somo hili tutasoma kwanza maisha yake yalivyokuwa. Kisha tutasoma hadithi zilizozaliwa baada yake. Na mwisho tutapima neno moja lenye maana kwa kila kijana apendaye kucheka: mzaha upi ni mwema, na upi ni mbaya.

2. Utoto wake

Jina lake hasa lilikuwa Hasan bin Hani. Alizaliwa katika mji wa Ahwaz, nchi ya Uajemi, karibu na mwaka 756. Baba yake, Hani, alikuwa askari katika jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa ukoo wa Umaya, ambaye utawala wake uliangushwa mwaka 750. Khalifa ndiye aliyekuwa mtawala mkuu wa Waislamu katika siku zile. Mama yake alikuwa Mwajemi, mwanamke maskini aliyekula kwa kazi ya mikono yake.

Baba alikufa mtoto akali mdogo. Mama akamchukua, wakahamia Basra, mji wa bandari katika nchi ya Iraki. Huko kijana alitiwa kwa muuza manukato ajifunze kazi ya duka. Akawa akipima udi na marashi mchana, lakini moyo wake haukuwa katika mizani. Ulikuwa katika mashairi. Kila alipopata nafasi alikwenda kusikiliza wanazuoni waliosomesha katika misikiti, kwa kuwa Basra ulikuwa mji wa elimu, na mtoto wa maskini aliweza kuketi na kusikia sawa na mtoto wa tajiri.

Jina la Abunuwasi alipewa kwa utani. Husemwa ya kuwa alikuwa na vishungi viwili vya nywele vikining'inia mabegani, na kwa lugha ya Kiarabu neno hilo lina maana ya kitu kiningʼiniacho na kutikisika. Basi watu wakamwita mwenye vishungi. Yeye hakukasirika. Alilipokea jina lile, akalifanya kuwa jina lake, hata leo wachache ndio wamjuao kwa jina la Hasan. Hapo twaona tabia yake ya kwanza: kabla hajaanza kuwacheka wengine, alikubali kuchekwa yeye.

3. Mwalimu na mwanafunzi

Mshairi mmoja wa mji wa Kufa, jina lake Waliba, alimwona kijana akamtambua kuwa ana kipawa, akamchukua na kumfundisha. Baadaye Abunuwasi alikwenda jangwani akakaa karibu mwaka mzima pamoja na Waarabu wahamaji, ili asikie Kiarabu safi kikisemwa na watu wasiochanganya lugha. Kisha akasoma kwa Khalaf al-Ahmar, mwanachuoni mkubwa wa Basra, aliyejua kwa moyo mashairi ya kale yasiyo na idadi.

Habari za Khalaf na mwanafunzi wake zasimuliwa hivi. Abunuwasi alimwendea mwalimu wake akaomba ruhusa ya kutunga. Khalaf akamkatalia, akamwambia kwamba hatampa ruhusa mpaka ahifadhi kwanza mashairi elfu ya watu wa kale. Kijana akaenda zake, akakaa muda mrefu, akarudi akasema ya kuwa ameyahifadhi. Akayasoma yote mbele ya mwalimu, siku baada ya siku, bila kukosea. Alipokwisha akaomba tena ruhusa. Khalaf akamwambia kwamba bado, sasa aende akayasahau yote elfu, kana kwamba hakuyasikia kamwe. Kijana akaona neno hili ni zito kuliko la kwanza, maana kuhifadhi ni kazi ya bidii, lakini kusahau hakuna bidii yake. Hata hivyo alikwenda mahali pa upweke, akakaa huko mpaka mashairi yakamtoka kichwani. Ndipo aliporudi, na Khalaf akampa ruhusa.

Wengine wakisoma habari hii hucheka, wakasema ya kuwa mwalimu alimfanyia mwanafunzi mzaha. Na kweli ulikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na mafunzo. Mtu hula ndizi leo, na kesho hakumbuki ilikuwa ndizi ipi, lakini mwili wake umepata nguvu. Khalaf alitaka mashairi ya kale yawe nguvu ndani ya kijana, yasiwe mzigo kichwani pake.

Mwanafunzi naye akamlipa mwalimu kwa mzaha wa namna ile ile. Desturi ya Waarabu ilikuwa kumtungia mkubwa shairi la maombolezo akisha kufa. Abunuwasi alimtungia Khalaf maombolezo yake angali hai, na husemwa ya kuwa mzee mwenyewe ndiye aliyeyataka, apate kuyasikia kwa masikio yake. Basi mzee aliketi mzima wa afya, akasikiliza jinsi atakavyoliliwa. Huo ni mzaha wa ajabu, kwa maana ulimpa mzee kitu ambacho watu wengi hawakipati: kusikia heshima yao kabla ya kuingia kaburini.

4. Baghdad

Karibu na mwaka 786 Abunuwasi alikwenda Baghdad. Mji huo ulikuwa mpya bado, kwani Khalifa Mansur aliuanzisha mwaka 762, kando ya mto Tigris, ambao katika Maandiko huitwa Hidekeli. Kiini cha mji kilijengwa kwa duara, chenye kuta na milango minne, na katikati palikuwa na jumba la Khalifa. Khalifa wa siku hizo alikuwa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu mwaka 786 hata mwaka 809.

Siku zile mshairi hakuwa na mshahara. Alimsifu tajiri, akapewa zawadi. Zawadi ikiisha, humsifu mwingine. Abunuwasi alipata wafadhili katika ukoo wa Barmaki, mawaziri wakuu wa Harun. Lakini mwaka 803 Harun aliwageukia Wabarmaki ghafula, akaamuru mmoja wao auawe na wengine wafungwe, na mali yao ikachukuliwa. Abunuwasi akaondoka akaenda Misri, akakaa huko kwa muda chini ya ulinzi wa Khasib, mkuu wa kodi katika nchi ile, kisha akarudi Baghdad.

Alipata sifa kwa mashairi yake juu ya mbwa na vipanga vya kuwindia, juu ya marafiki, na juu ya divai. Tena alipenda kuwatania washairi wenziwe. Desturi ya kale ilikuwa kila shairi lianze kwa kilio: mshairi husimama jangwani mahali palipokuwa na kambi ya mpenzi wake, akatazama majivu na vigingi vilivyosalia, akalia. Kwa wahamaji wa jangwani desturi hii ilikuwa na maana. Lakini sasa washairi walikaa mjini, katika nyumba za matofali, karibu na mto na bustani, na bado walililia kambi ambazo hawakuziona kamwe. Ilikuwa kama mtu wa Kamachumu, aliyezaliwa kati ya migomba, akiimba jinsi alivyopotelewa na ngamia wake. Abunuwasi aliigeuza desturi ile kwa mzaha. Badala ya kuililia kambi, aliwauliza habari wenye kulia, akawaambia kwamba waache mawe na majivu waseme mambo wanayoyaona kwa macho yao. Watu walicheka, na baada ya kucheka walifikiri. Tangu hapo wengi walitunga juu ya maisha yao wenyewe.

5. Ulimi na gereza

Hata hapa tumeona mzaha wake mwema. Lakini maisha ya mtu husimuliwa yote, na kosa halifichwi kwa kuwa mwenyewe alikuwa na sifa. Abunuwasi alikuwa mlevi, naye hakuona haya kujisifia ulevi wake. Tena ulimi wake haukujua mpaka. Alipogombana na mtu, alimtungia beti za matusi, naye alikuwa na ufundi mwingi hata matusi yale yakaenea mjini, yakashika kama utomvu wa ndizi katika nguo. Aliyetukanwa hakuweza kujiosha. Alitukana watu, alitukana hata makabila mazima ya Waarabu, wakubwa wakakasirika, naye akatiwa gerezani zaidi ya mara moja. Waswahili husema: Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Abunuwasi alikuwa mwepesi wa kuutupa mkuki huo.

Harun alipokufa mwaka 809, mwanawe Amin alitawala. Amin alikuwa rafiki wa Abunuwasi, na mshairi akadhani ya kuwa sasa taabu zake zimekwisha. Lakini Amin alikuwa na ndugu, jina lake Mamun, aliyekuwa akitawala upande wa mashariki. Ndugu hao walipokosana, watu wa Mamun waliyashika mashairi ya ulevi, wakayatangaza mbele ya watu, wakisema ya kuwa Khalifa ashirikianaye na mtu wa namna hii hafai kutawala. Hapo mzaha wa mshairi ukageuka kuwa silaha mikononi mwa adui za rafiki yake. Amin akaona hana budi, akamfunga.

Husimuliwa ya kuwa Abunuwasi akiwa kifungoni alimpelekea waziri Fadhli shairi. Alimweleza jinsi gereza lilivyomgeuza kuwa mcha Mungu mkubwa, ana tasbihi mkononi na msahafu umeningʼinia kifuani, tena akamshukuru waziri kwa kumfundisha wema. Akamwomba aje atazame ajabu hiyo kwa macho yake. Waziri alijua kwamba anachezewa. Lakini shairi lilikuwa la kuchekesha, wala halikumvunjia heshima mtu yeyote isipokuwa mtungaji mwenyewe. Abunuwasi akafunguliwa. Angalieni jambo hili vema: matusi yalimtia gerezani, na kujicheka mwenyewe kulimtoa.

Vita vya ndugu vikaja. Jeshi la Mamun liliuzunguka mji wa Baghdad zaidi ya mwaka mmoja, mwaka 812 na 813, watu wakafa kwa njaa na kwa mawe ya mitambo, na mwisho Amin alikamatwa akauawa. Wengi waliokula mezani pake walinyamaza, wengine wakakimbilia kumsifu mshindi. Abunuwasi, yule mtu wa mzaha, hakunyamaza. Alimtungia Amin mashairi ya maombolezo, akamlilia rafiki yake wazi, wakati ambapo machozi hayo yangeweza kumletea hatari. Basi tusidhani ya kuwa mtu achekaye sana hana moyo mzito ndani.

Naye hakuishi sana baada ya hapo. Alikufa Baghdad karibu na mwaka 814. Habari moja ya zamani yasema ya kuwa alipigwa na watu wa jamaa aliyokuwa ameitukana, na mapigo hayo yakamwua. Habari nyingine, ipendwayo zaidi, yasema ya kuwa rafiki zake walipoinua mto aliolalia kitandani walikuta chini yake kipande cha karatasi chenye beti za toba, akimwomba Mungu msamaha, kwa maana dhambi zake ni nyingi lakini rehema ya Mungu ni kubwa zaidi. Hata leo katika mji wa Baghdad uko mtaa mrefu kando ya mto Tigris uitwao kwa jina lake, na sanamu yake imesimama hapo. Na wataalamu wa nyota wameliita shimo moja katika sayari ya Utaridi kwa jina lake.

6. Abunuwasi wa hadithi

Mwili wa Abunuwasi ulizikwa, lakini jina lake lilianza safari. Watu wa Baghdad walisimulia vituko vyake. Wengine wakavitia chumvi. Vituko vya watu wengine navyo vikabandikwa kwake. Akaingia katika kitabu cha Alfu Lela u Lela. Pepo za kaskazi zilipovuma, majahazi ya Uarabuni yalikuja pwani yetu yakileta tende na mazulia, na mabaharia walileta hadithi, ambazo hazilipi ushuru. Hivyo Abunuwasi alifika Unguja, Lamu na Mombasa, akajifunza Kiswahili, akavaa kanzu na kofia. Kisha Kiswahili kilipanda bara. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya Karagwe, si mbali na kwetu. Baadaye hadithi zake zilipigwa chapa katika vitabu vya Kiswahili, zikasomwa shuleni.

Sasa sikilizeni hadithi tatu kati ya hizo.

Siku moja Sultani alitaka kumwaibisha Abunuwasi, akamwamuru amjengee nyumba hewani, isiyogusa ardhi, akampa siku chache tu. Abunuwasi hakubisha. Alikwenda kwake akatengeneza tiara kubwa ya karatasi, akaifunga kengele ndogo ndogo, akairusha katika upepo mpaka ikawa mbali sana juu. Watu waliinua macho, wakaona kitu cheusi angani, wakasikia sauti kama ya vyuma vikigongana. Abunuwasi akawaambia kwamba hao ni mafundi, wanapiga misumari. Siku ilipotimia alimwendea Sultani, akamweleza kwamba kazi yaendelea vema ila mafundi wamepungukiwa na chokaa na mawe, basi Sultani awaamuru watumwa wake wapande nayo. Sultani akasema ya kuwa hakuna mtu awezaye kupanda mbinguni. Abunuwasi akamjibu kwa adabu kwamba kama hakuna awezaye kupanda, hakuna awezaye kujenga. Sultani akacheka, amri ikafutwa.

Tena palikuwa na tajiri aliyemwahidi kijana maskini fedha nyingi akiweza kukaa usiku kucha ndani ya ziwa la maji baridi. Kijana alikubali, kwa kuwa nyumbani mlikuwa na njaa. Mama yake, kwa kumwonea huruma, aliwasha moto mbali ng'ambo, ili mwanawe auone ajue ya kuwa hayuko peke yake. Asubuhi kijana akatoka majini akitetemeka, akadai haki yake. Tajiri akakataa kulipa, akasema ya kuwa aliota moto wa mamaye. Wakaenda kwa kadhi, wakaenda kwa Sultani, na wote wakampa haki tajiri. Abunuwasi akasikia. Akawaalika Sultani, kadhi na tajiri waje kula kwake. Wakaja wakangoja. Jua likapanda, jua likashuka, chakula hakionekani. Sultani akashikwa na njaa, akauliza chakula ki wapi. Abunuwasi akawapeleka uani. Wakaona vyungu vimetundikwa juu kabisa mtini, na moto unawaka chini ardhini. Sultani akamwuliza kama ana wazimu, maana moto ulio chini hautaivisha chungu kilicho juu ya mti. Abunuwasi akamwambia kwamba yeye alijifunza upishi huu katika hukumu ya juzi, kwa kuwa kama moto wa mbali waweza kumtia joto mtu aliye majini, huu ni wa karibu zaidi. Sultani akafahamu, akaona haya, akamwamuru tajiri alipe. Kisha vyungu viliteremshwa, chakula kikapikwa, watu wakala.

Hadithi ya tatu ni ya jirani mchoyo. Abunuwasi aliazima sufuria kwake, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani, akamweleza ya kuwa sufuria yake imezaa. Jirani alijua kwamba sufuria haizai, lakini alipenda faida, akazichukua zote mbili. Baada ya siku chache Abunuwasi aliazima tena, safari hii sufuria kubwa zaidi, wala hakuirudisha. Jirani alipokuja kuidai alijibiwa kwamba sufuria imekufa. Akaenda kushtaki. Kadhi akamwuliza kama alikubali kuwa sufuria yake ilizaa. Akajibu kwamba ndiyo. Kadhi akahukumu ya kuwa kitu kizaacho hufa pia.

7. Tupime mzaha

Sasa tulinganishe watu hawa wawili, Abunuwasi wa Baghdad na Abunuwasi wa hadithi. Wa kwanza alikuwa na mzaha wa namna mbili: ule uliompa Khalaf furaha na kuwafungua macho washairi, na ule uliowachoma watu hata wakamchukia. Wa pili hufanya wema karibu siku zote. Watu waliompokea kutoka kizazi hata kizazi walipepeta kama mama apepetavyo nafaka katika ungo: matusi yakapeperuka kama makapi, na mzaha wenye akili ukabaki. Hakuna mzee asimuliaye jioni jinsi Abunuwasi alivyomtukana fulani. Beti zile za matusi huku kwetu zimesahauliwa. Lakini moto na vyungu vya mtini twavikumbuka.

Mzaha mwema basi una alama. Alama ya kwanza ni kwamba aliyetaniwa mwishowe aweza kucheka naye. Sultani alishindwa, lakini hakuvunjika. Aliondoka na kicheko na akili zaidi. Alama ya pili ni kwamba mzaha mwema haumchagui mnyonge. Abunuwasi alimkabili tajiri, kadhi na Sultani. Hakumtania kijana aliyetoka majini akitetemeka. Kumcheka kilema, au yatima, au mwenzio aliyekosea kusoma, hakuhitaji akili hata kidogo. Hadithi ya sufuria imesimama mpakani, maana jirani alipotewa na mali yake. Wengine watasema ya kuwa alistahili kwa uchoyo wake, na wengine watasema ya kuwa Abunuwasi angemrudishia baada ya kumfundisha. Fikirini wenyewe.

Nchi yetu nayo inajua jambo hili tangu zamani. Makabila mengi yana utani. Mtani aweza kukuchezea, aweza kukuita majina, hata katika msiba aweza kufanya vichekesho mbele ya wenye huzuni. Lakini mtani huyo huyo ndiye asaidiaye kuchimba kaburi na kuhudumia wafiwa. Ruhusa ya kutania imefungwa pamoja na wajibu wa kusaidia, kama mzigo wa kuni ulivyofungwa kwa kamba moja. Atakaye kutania bila kusaidia, huyo si mtani bali ni msumbufu. Na wazee hutuonya: Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Basi wewe msomaji, usidhani ya kuwa kitabu hiki chakutaka uwe na uso wa jiwe. Nyumba isiyo na kicheko ni nyumba ya baridi, hata moto ukiwaka. Fanya mzaha, lakini kwanza uutazame mwisho wake. Ukipiga kelele ziwani kwamba mamba amekuja, wenzako watakimbia, mmoja ataanguka juu ya mawe, na siku mamba ajapo kweli hakuna atakayekuamini. Huo si mzaha. Lakini wajua ya kuwa bibi yako huteremka kila siku mteremko mrefu kwenda chemchemini, akapanda tena na mtungi kichwani, akipumzika mara tatu njiani. Amka mapema siku moja, umfiche mtungi wake. Atautafuta nyuma ya mlango, atautafuta jikoni, atawalaumu kuku na watoto wa jirani, atasema ya kuwa dunia imeharibika. Nawe unyamaze kimya. Kisha aukute mahali pake pale pale pa siku zote, umejaa maji mpaka shingoni.

Maswali

1. Jina la Abunuwasi lilitoka wapi, naye alilipokeaje?
2. Kwa nini Khalaf alimwamuru mwanafunzi wake ayasahau mashairi aliyoyahifadhi?
3. Ni jambo gani lililomtia Abunuwasi gerezani, na ni lipi lililomtoa?
4. Abunuwasi alifanya nini baada ya kifo cha Amin? Jambo hilo laonyesha nini juu ya moyo wake?
5. Je, Abunuwasi alitenda haki juu ya sufuria ya jirani? Andika mawazo yako katika mistari kumi.
6. Eleza mzaha mmoja uwezao kuufanya nyumbani kwenu, ambao mwisho wake utamfaa yule unayemtania.